Fidel, Usiguse Hiyo Redio

Wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani, watu wa Maskati walikuwa wananunua kama walioambiwa chakula kinakwisha duniani. Nje ya duka kubwa la Ghubra matoroli yaligongana, wanawake wenye mabuibui waliburuta watoto kwa mkono huu na mifuko ya mchele kwa mkono ule, na jua lilikuwa limeshapasha lami mpaka inanuka. Katikati ya msongamano huo Millicent alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu. Kitini alikaa Bi Kheiria, mwajiri wake, amepakata boksi la tende na kopo la samli, na shida ya Millicent ilikuwa moja tu, kumfikisha bibi garini kabla hajaanza kulalamika.

Ndipo akasikia gitaa.

Halikuwa gitaa la Kiarabu wala la sinema za Kihindi. Lilikuwa lile linaloteleza, linalovuta sauti kama mtu anayemaliza kulia. Nyuma yake fidla ikaingia, kisha mwanamume akaanza kuimba Kiingereza cha puani. Zilikuwa nyimbo za kantri za miaka ya tisini, za Wamarekani wenye kofia pana. Kwao Kitale zilipigwa redioni kila Jumapili mchana, zikapigwa harusini, zikapigwa matangani, mpaka alipokuwa mdogo Millicent alidhani wale waimbaji wanakaa Eldoret.

Miguu yake ikasimama yenyewe.

"Mbona umesita?" Bi Kheiria akauliza. "Jua hili wataka linikaange?"

"Samahani, Bibi. Nasikia wimbo."

"Nami nnausikia. Huyo anayelia kafiwa na nani?"

Muziki ulitoka kwenye gari dogo jeupe la dobi, lenye picha ya shati ubavuni. Kijana mrefu alikuwa ameegemea mlango wake, sare ya kijani imepauka mabegani, na kichwani, katika nchi hii ya vilemba na kofia za kudarizi, amevaa kofia ya ngozi ya mchunga ng'ombe. Alikuwa anamtazama Millicent mdomoni.

"Wewe ni Mkenya," akasema. Hakuuliza.

"Nani amekuambia?"

"Midomo yako. Unaimba na hujui kama unaimba."

Millicent akafunga mdomo. Alivaa gauni la kazi la bluu na kitambaa cha maua kichwani, na ghafla akatamani angevaa kitu kingine. "Na wewe kofia yote hiyo ya nini? Ng'ombe wako wapi?"

"Wako kwetu Molo. Nimetumwa kutafuta wa kuwakamua."

Bi Kheiria, ambaye hakukusudia kucheka, akacheka. Alisema kama ni posa basi imfuate nyumbani kwenye kivuli. Talal, mwanawe, alikuwa bado kwenye foleni ya kulipa, kwa hiyo kijana yule ndiye aliyemsaidia Millicent kumwinua bibi kumtia garini. Alimshika vizuri, chini ya kwapa, si kwa kumvuta. Millicent aliliona hilo. Alipotajiwa namba ya simu, kwa sauti ya chini kama mtu anayesema dhambi, aliiandika kiganjani.

Jina lake Fidel.

Nyumba ya Bi Kheiria iko Azaiba, katika kichochoro chenye kuta ndefu pande zote mbili. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Omani akiwa msichana, na Kiswahili chake hakikumtoka. Tangu avunjike nyonga hawezi kusimama peke yake, na Millicent ndiye mikono yake na miguu yake. Lango halifunguliwi ovyo. Siku ya mapumziko ipo kwa maneno, lakini bibi wa kuachiwa nani? Na Millicent hakuwa mtu wa kusukuma mambo. Kwao yeye ndiye aliyekuwa akiwekwa kulinda maziwa jikoni, maana aliweza kuyatazama mpaka yachemke bila kuangalia pembeni.

Bahati ikawa kwamba jirani wao, Bi Nouf, ana watoto wa kiume wengi, na kanzu zao zote zinakwenda kwa dobi. Gari la Fidel likawa linaingia kichochoroni karibu kila alasiri. Akishachukua mzigo kwa Bi Nouf husogea mbele kidogo, akasimama penye lango la Bi Kheiria na kuacha nyimbo zikilia. Millicent akimaliza kumtawadhisha bibi hutoka na mfuko wa taka, hata kama ndani yake mna ganda moja la ndizi.

"Leo taka ni nyingi," Fidel humwambia.

"Nyamaza. Bibi anasikia."

"Mwache asikie. Nimwambie nimekuja kuchukua taka na anayezibeba?"

Ndivyo walivyopendana, wamesimama, injini inawaka, dakika chache kwa siku, na simu usiku mpaka bando liishe. Fidel alimwita malkia. Yeye akamwita kauboi, kwanza kwa dhihaka, baadaye bila dhihaka.

Nyimbo zile zilikuwa kwenye flashi iliyofungwa uzi mwekundu, nayo ilikuwa na historia yake. Baba yake Fidel, dereva wa lori la maziwa, alikuwa akizirekodi kwenye kaseti kutoka redioni, amekaa na kidole juu ya kitufe akimsubiri mtangazaji anyamaze. Siku moja mwaka wa tisini na sita, Fidel akiwa mtoto wa kusimama kwa kushika meza, alinyoosha mkono, na kaseti ikashika sauti ya mzee: "Fidel, usiguse hiyo redio." Halafu kiti kinakwaruza sakafu, halafu fidla inaanza. Mzee alishafariki. Kaseti ilikuwa imeanza kuliwa na mashine, na fundi mmoja wa Nakuru akawahi kuihamishia kwenye flashi kabla haijakatika. Kwingine duniani sauti ile haipo.

"Tutaipiga kwenye harusi," Fidel alimwambia. "Mzee atakuwepo."

Mikataba yao ilikuwa inakwisha msimu mmoja. Walikubaliana warudi pamoja. Wazee wa Molo wangepanda Kitale na mambo yangefanywa yote kama inavyotakiwa, Millicent akiwa amekaa kwao na leso mabegani. Millicent alianza kununua vitambaa na kuvikunja chini ya sanduku.

Baada ya Idi kampuni ya dobi ilipata kazi katika kambi ya wafanyakazi huko Duqm, kusini jangwani, siku nzima kwa barabara. Fidel aliambiwa asubuhi, akapakiwa mchana. Hakupewa hata muda wa kupita Azaiba. Alitia nguo zake begi moja na kofia yake kichwani, na katika haraka ile flashi ilibaki kwenye redio ya gari, uzi mwekundu unaning'inia. Gari akapewa dereva mwingine, Samir, kijana wa Bangladeshi. Samir akawasha gari, nyimbo zikalia, akazipenda. Hakuelewa neno. Aliziacha hapo hapo.

Fidel hakujua. Alipofika Duqm alipindua begi lake juu ya kitanda cha chuma, akakung'uta soksi moja moja. Hakuona kitu. Aliona aibu kumwambia mtu kwamba amepoteza sauti ya baba yake, na mtu aliyemwonea aibu kuliko wote alikuwa Millicent.

Alimpigia akamweleza habari ya Duqm tu. Millicent alihuzunika, akavumilia.

Kisha alasiri moja, miguu ya Bi Kheiria ikiwa ndani ya beseni na mikono ya Millicent ikiwa na maji mpaka viwikoni, akasikia fidla inaingia kichochoroni. Amerudi, hajaniambia, anataka kunishtua. Dirisha la choo liko juu, linaonyesha mbingu na tangi la maji. Kumwacha bibi kwenye kigoda cha kutawadhia hawezi, ataanguka. Akaosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto. Nje, gari likasimama kwa Bi Nouf. "Fidel, usiguse hiyo redio," mzee akasema, na kiti kikakwaruza. Kisha akasikia mwanamke anacheka. Alikuwa Abigail, mfanyakazi mpya wa Bi Nouf, Mkenya, mwenye nywele za kusuka mpaka kiunoni.

Gari likaondoka. Halikusimama langoni.

Kesho yake vile vile. Na keshokutwa. Usiku Fidel akapiga simu.

"Uko wapi?" Millicent akamuuliza.

"Duqm, malkia. Nitakuwa wapi tena? Mchanga mbele, mchanga nyuma, na ngamia mmoja ananitazama kama mimi ni shemeji yake."

"Hata leo mchana ulikuwa Duqm?"

"Leo, jana, na kesho. Kwani vipi?"

Millicent akahamishia simu sikio la pili. Angeweza kusema. Lakini alikuwa amezoea kutazama kabla ya kusema, na akaona atazame mara moja zaidi. "Niwekee ule wimbo," akasema. "Wa kwanza, wenye sauti ya mzee. Nimeukosa."

Fidel akatazama nyuma yake. Kitandani pake begi lilikuwa bado limepinduliwa. "Leo spika imeharibika," akasema. "Siku nyingine, mpenzi."

"Sawa. Siku nyingine."

Alipokata simu aliizuia ile namba. Hakulia, au alilia kidogo, akiwa ameuma kona ya mto ili bibi chumba cha pili asisikie. Kwa Abigail hakwenda kuuliza. Angeuliza nini? Umechukua nyimbo zangu?

Fidel alipiga mpaka akaelewa kwamba amezuiwa. Aliazima simu ya Mhindi waliyelala naye chumba kimoja. Millicent aliposikia sauti yake akakata. Fidel alimwomba msimamizi ruhusa ya siku moja tu afike Maskati, akaambiwa asubiri. Basi la kwenda mjini hupita kambini kwa ruhusa, na ruhusa haikuja. Akabaki anafua mashuka ya watu, mchanga unaingia masikioni, hajui amekosa nini.

Ikawa hivyo wiki nyingi, na taka Millicent akawa anazitoa asubuhi, gari likiwa halijafika. Joto likapanda, unyevu ukashika kuta, na kila alasiri gari lilipita.

Siku Talal alipokuja kuzungumza, Millicent alikuwa ameinama pale pale, miguu ya bibi ndani ya maji. Talal ni mtu wa adabu, kanzu nyeupe iliyonyooka, kofia imekaa sawa, hajawahi kumpandishia sauti. Alisimama nje ya mlango bila kuchungulia. Akasema mkataba unakwisha, na yeye hatamlazimisha mtu. Akasema kama anataka kwenda aseme sasa, watafute mwingine mapema.

Jibu Millicent alikuwa nalo tangu Ramadhani. Alikuwa amelipanga vizuri, kwa heshima, na shukrani mwisho. Akanyoosha mgongo ili alitoe.

Nje gitaa likateleza. Mzee akamkanya mtoto wake, kiti kikakwaruza, na Abigail akacheka kicheko kirefu.

"Nitabaki," Millicent akasema.

Talal akashukuru. Bi Kheiria alimtazama msichana kichwani kwa muda, pale alipoinama. Wiki ile ile wakampeleka kupimwa afya. Kadi yake mpya ya ukaazi ikatoka, ya miaka miwili, na picha yake ndani ina macho ya mtu aliyeamshwa.

Aliyekuja kulipasua jambo ni bibi mwenyewe, na wala hakukusudia. Alasiri moja ameshamaliza kutawadha, amefunga shela, yuko kitini anataka kusali, na kilio cha Wamarekani kikamwingilia katika nia.

"Huyu mtu ananilia katika sala yangu," akasema. "Nisukume. Nnakwenda kumwambia."

"Bibi, mwache tu."

"Nisukume, nnakwambia."

Lango likafunguka. Gari jeupe lilikuwa limesimama kwa Bi Nouf, mlango wazi. Millicent alikuwa amejiandaa kumwona Fidel, ameandaa hata uso wa kumtazama nao. Akamwona kijana mfupi mwenye masharubu, sare ya kijani imemzidi mikono, anaimba kwa sauti kubwa maneno ambayo si Kiingereza wala si lugha yoyote, huku Abigail amekumbatia fungu la kanzu anacheka mpaka amepiga magoti.

Kwenye redio uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia.

Akamuuliza kwa Kiarabu cha wafanyakazi. Samir akanyoosha mkono mbali, kusini. Fidel yuko Duqm, akasema, zamani sana, tangu Idi. Kitu hiki alikikuta garini. Anakipiga kwa sababu huyo mtu akiimba yeye anamkumbuka mama yake.

Millicent alishika mpini wa kiti kwa mikono miwili.

"Kwani wewe ulidhani nani?" Bi Kheiria akauliza. Bibi akamsoma usoni, na kilichobaki akakijua. "Masikini. Na mimi n'likuona huli."

Simu aliipigia jikoni, mlango umefungwa. Iliita mara moja tu.

"Milli," Fidel akasema. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nilisikia nyimbo zako zinapita. Kila siku zinapita na hazisimami." Akamweleza yote, kicheko cha Abigail, spika, ngamia. Alipofika kwenye uzi mwekundu, Fidel akamkatiza.

"Iko kwenye gari? Flashi iko kwenye gari?"

"Iko."

Akasikia pumzi yake inatoka kama ya mtu aliyetua gunia. "Nilidhani nimemzika mzee mara ya pili," Fidel akasema. "Niliona haya kukuambia. Milli, sisi ni wajinga, sijui nani kamzidi mwenzake. Sikiliza. Kazi ya huku imekwisha, tunarudishwa nyumbani. Tiketi ni wiki ijayo. Mwambie bosi wako akukatie ya siku hiyo hiyo."

"Fidel."

"Mama nitampigia leo."

"Fidel, nimeongeza mkataba. Kadi imetoka."

Upande wa pili ulisikika upepo wa Duqm tu, ukigonga bati.

Alikwenda kwa Talal hata hivyo. Alisimama sebuleni, mikono nyuma, akaomba. Talal alisikitika kweli, ilionekana. Alisema angalisema mwezi uliopita ingekuwa rahisi. Sasa karatasi zimefungwa kwa jina lake, mtu mwingine kumpata ni miezi, na mama je? Fidel naye aliuliza kampuni yake kama anaweza kubaki kwa kazi yoyote, hata kufagia. Viza yake ilikuwa imeshafutwa. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Kila aliyeulizwa alijibu kwa upole, na kila jibu lilikuwa hapana.

Bi Kheiria alimwita usiku ule, akamshika mkono. "Nikikwambia nenda, nani atanishika?" akasema. "Nikikwambia kaa, Mungu ataniuliza. Bora nisiseme kitu." Akageuka ukutani, na Millicent akamfunika.

Siku ya safari, Samir ndiye aliyetumwa kumpeleka Fidel uwanja wa ndege, na uwanja hauko mbali na Azaiba. Gari liliingia kichochoroni alasiri. Lango lilikuwa limeshafunguliwa. Bi Kheiria amekaa kitini kwenye kivuli cha ukuta, amevaa shela jipya, na nyuma yake Millicent amevaa gauni la manjano lililokuwa chini ya sanduku pamoja na vile vitambaa.

Fidel aliteremka. Jangwa lilikuwa limemkausha, mashavu yameingia ndani. Alivua kofia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenye ng'ombe."

"Ndiye mimi."

"Basi zungumzeni. Mimi sioni vizuri," akasema Bi Kheiria, akiwakodolea macho wote wawili.

Walisimama kama zamani, injini inawaka. Mambo waliyotaka kusema yalikuwa mengi, na muda ulikuwa wa Samir, ambaye alikuwa anaangalia saa na kuona haya kuangalia. Fidel akamwambia habari moja. Wazee wake watakwenda Kitale bila kumngoja. Watafika na vitu vyao, na kama kawaida wenye nyumba hawatagusa kitu mpaka binti aulizwe mbele ya watu. Atapigiwa simu, itawekwa kwa sauti, ataulizwa.

"Nataka nijue kabla sijapanda ndege," akasema. "Wakikuuliza kama wapokee, utasema nini?"

"Sema kweli," Bi Kheiria akasema. "Nnasikiliza."

Millicent alimtazama Fidel, kovu la kidevu, mchanga kwenye mshono wa kola. Alimtazama kama mtu anayehesabu vitu vya nyumba kabla ya kufunga mlango.

"Nitasema wapokee."

"Na miaka miwili?"

"Na hiyo nayo waipokee. Wataifanyaje?"

Fidel akacheka, macho yamejaa. Aliingia garini nusu mwili, akachomoa ile flashi. Muziki ukakatika, na kichochoro kikawa kimya ambacho hakijapata kusikika pale saa ile. Akaishika kiganjani, akausokota uzi mwekundu kidoleni.

"Chukua," Millicent akasema. "Ni baba yako. Nenda naye."

"Baba nimemsikia miaka yote." Akamtazama, akautazama ukuta, lango, dirisha dogo la choo kule juu. "Wewe huku utasikia nini?"

Akairudisha pale ilipokuwa. Akamwambia Samir kwa Kiarabu na kwa mikono kwamba asiitoe, na kwamba akifika lango hili apunguze mwendo. Samir akaweka mkono kifuani. Kisha Fidel akamvisha Millicent kofia ya kauboi juu ya kitambaa chake cha kichwa, akaingia, akafunga mlango, na gari likaenda naye bila yeye kugeuka, maana alijua akigeuka atateremka.

Kesho yake alasiri, Millicent aliinama mbele ya beseni, miguu ya Bi Kheiria ndani ya maji vuguvugu. Simu ilikuwa mfukoni, imeshaleta habari kwamba Fidel amefika Nairobi na kuna baridi. Mikono yake ilikuwa na maji mpaka viwikoni. Kwa mbali gari likakata kona, likapunguza mwendo.

"Fidel, usiguse hiyo redio," mzee akasema nje ya ukuta. Kiti kikakwaruza.

Millicent akaacha kuosha.

"Anapita mkweo," Bi Kheiria akasema. "Tusimkatishe."

Wakakaa hivyo wawili, mguu mmoja umeoshwa na mmoja bado, mpaka fidla ikaishia mwisho wa kichochoro.